Mama Mkwe na Koki ya Hita

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, mwanangu, bibi yako mzaa mama alipokataa kupanda gari langu. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari, amejitanda kitenge juu ya kitenge, na mfuko wake wa dawa ulikuwa mkononi. Mimi nilikuwa nimewasha injini ipate moto, nimesimama upande wa pili wa gari na kuangalia pembeni, kama ilivyonipasa. Akatoka hadi kizingitini, akalitazama gari, akarudi ndani na kuvua viatu. Akamwambia mama yako kwamba hospitali haendi tena, si siku ile wala siku nyingine.

Nakusimulia haya kwa sababu ya mambo mawili uliyoniambia Jumamosi. Ulinikuta nimeliinamia gari hili hili, boneti iko wazi, koki ya hita inavuja. Ukacheka ukasema, "Baba, si uizibe tu hiyo koki? Hita ya nini na jua lote hili?" Halafu ukakaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, uso ukabadilika, ukanieleza habari za mama mkwe wako. Kwamba tangu mumlete kutoka Kolo baada ya baba mkwe wako kufariki, hasemi na mtu. Anashinda chumbani, chakula kinarudi nusu sahani, na mmekwisha kukubaliana na mumeo kwamba mwisho wa mwezi mtamrudisha akaishi peke yake, maana huenda ndivyo anavyotaka. Sikukujibu. Unanijua, nikishika spana mdomo wangu unakuwa mzito. Sasa nimenawa mikono, nami nina jibu moja kwa mambo yote mawili.

Wewe umezoea magari ya kubonyeza vitufe, basi nikufafanulie kidogo, wala usipige miayo. Gari la zamani lina rejeta mbele ya kupoza maji ya injini, hiyo unaijua. Hita ni rejeta nyingine ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Maji ya moto kutoka kwenye injini yanapita humo, feni inapuliza, na waliokaa mbele wanapata joto miguuni. Koki ndiyo mlango wa maji hayo. Imefungwa pale kwenye injini, na waya mwembamba unaiunganisha na kishikio kilicho karibu na usukani. Ukisukuma kishikio inafunguka, ukikirudisha inafungika. Ni kitu kidogo cha shaba, kinaenea kiganjani.

Gari hili niliachiwa na mhandisi mmoja Mwingereza niliyefanya naye kazi ya visima, alipokuwa anarudi kwao. Maji ya visima vya huku unayajua, ukichemshia chai birika linaota ukoko mweupe. Nami, kama kila dereva wa Dodoma wakati ule, nilijaza rejeta maji hayo hayo. Ukoko ukajijenga ndani ya koki, ikaanza kudondosha. Nikalipeleka gari kwa fundi mjini, mtu mcheshi na mwenye mikono mizuri. Akaing'oa, akaziba tundu kwa kipande cha chuma, akanikabidhi koki mkononi. "Hita ya nini Dodoma, kaka? Labda ungekuwa Ulaya."

Tukacheka wote wawili. Wala simlaumu, maana mafundi wote huziba, na ukizunguka mji mzima utatafuta sana gari la zamani lenye hita inayofanya kazi. Watu wanaijua Dodoma kwa jua na vumbi. Wanasahau alfajiri za mwezi wa sita na wa saba, pale upepo unapopita uwanda wote huu bila kukutana na kitu cha kuuzuia, na ng'ombe wenyewe wanasita kutoka zizini.

Bibi yako aliishi Haneti, kwenye nyumba aliyoachiwa na babu yako. Viungo vyake vilikuwa vimeshikwa na baridi yabisi tangu ujana, na ugonjwa ule ukafika hadi moyoni. Daktari alituambia bila kuzunguka: kila mwezi achomwe sindano, na akiacha, moyo utachoka na tutampoteza. Kazi ya kumpeleka mjini ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na gari. Tuliondoka alfajiri ili tuwahi kabla foleni ya wagonjwa haijawa ndefu.

Lakini mimi nilikuwa mkwe, mwanangu, na kwetu siku zile mkwe wa kiume na mama mkwe hawakuzoeana. Hukumtazama usoni. Hukula mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja alipinda kichakani. Kati yangu na yeye palikuwa na "mbukwenyi" tu, salamu yetu ya Kigogo, nayo tuliisema kila mtu akiangalia upande wake. Jambo lolote zaidi lilipita kwa mama yako. Kwa hiyo garini alikaa nyuma, kona ya mbali kabisa, nami nilikigeuza kile kioo cha kuangalizia nyuma kikatazama paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Niliendesha miezi mingi bila kujua nani anakuja nyuma yangu barabarani. Usicheke, nilijiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Haneti.

Sasa alipokataa kupanda, kila mtu alikuwa na lake. Jirani mmoja akasema mama amechoka kuishi, anamfuata mumewe. Mama yako alidhani sindano zinamuuma. Akamuuliza, akajibiwa, "Nimechoka tu." Mimi nilikuwa na langu, na lilinikaa kifuani kama mfupa: niliamini hanipendi. Niliwaza kwamba nimemkosea adabu mahali, nami siwezi kumuuliza wapi, naye hawezi kuniambia. Mwezi ukapita bila sindano. Miguu ikaanza kumvimba, na usiku alilala ameketi ili apate pumzi. Mama yako alikuwa akilia jikoni kwa siri, akidhani moshi unamfichia machozi.

Ndipo tukamwita Mzee Yoramu, kaka yake bibi yako. Mzee yule alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na hakuwa na subira na upuuzi. Aliingia kwa dada yake akafunga mlango. Alipotoka alinikuta nimekaa kwenye gogo uani, akasimama mbele yangu.

"Humo garini mwako kuna baridi," akasema.

"Baridi ipo, mjomba. Ni kipupwe."

"Dada yangu vidole vinakufa ganzi humo ndani. Kila mkirudi kutoka mjini anakaa kitandani siku kadhaa hawezi kushika kijiko. Njia nzima anauma kitenge ili usisikie meno yake yakigongana. Anasema ni heri moyo usimame akiwa kwake kuliko kutetemeka mbele ya mkwe. Na wewe hukuona kitu?"

"Mjomba, mimi simgeukii. Ni heshima."

Nilitegemea anipigie kelele, lakini sauti yake ilishuka.

"Heshima ni kutomtazama. Nani alikuambia usimjue?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia. Hakuwa ameniambia nivunje mila, na mimi sikuwa mtu wa kuivunja. Aliniambia kwamba ndani ya mila ile ile palikuwa na nafasi ya kumjali mtu, nami sikuwahi kuitafuta. Niliona huruma, na niliona pia furaha, nikuambie kweli. Mama wa watu hakunichukia! Alikuwa anaona baridi, basi.

Bahati nzuri mimi situpi kitu, kama mama yako anavyolalamika kila siku. Ile koki ilikuwa bado kwenye kopo la misumari. Nikasubiri injini ipoe kabisa, maana rejeta ya moto si ya kufunguliwa, inakurukia usoni. Nikapunguza maji, nikakitoa kile kipande cha chuma, nikaketi na koki yangu chini ya kivuli cha nyumba. Ilikuwa imeziba kwa ukoko hata kishina chake, kile cha kufungulia na kufungia, hakizunguki. Ukitumia nguvu shaba inavunjika, na pa kupata nyingine hapakuwepo. Nikaomba ukwaju jikoni, ule ambao mama yako alikuwa ameuloweka kwa ajili ya juisi. Alininyima kwanza. Nilipomwambia ni kwa ajili ya mama yake, akanimiminia bakuli zima.

Nikaitumbukiza humo ikalala mpaka kesho yake. Ukwaju ule ulikula ukoko taratibu, maji yakawa na povu jeupe, na asubuhi kishina kikazunguka kwa vidole viwili. Washa ya ndani, ile pete ya mpira inayozuia maji, ilikuwa imeoza. Nikakata nyingine kutoka kwenye mpira mgumu wa pampu za visima, nikaisugua kwenye jiwe mpaka ikakaa sawasawa. Kisha nikapuliza kwa mdomo. Koki ikiwa imefungwa, pumzi haipiti. Ikiwa wazi, inapita hadi upande wa pili. Nilipuliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ilinifurahisha. Nikaifunga kwenye injini na kipande cha karatasi ngumu katikati ili isivuje, nikaunganisha mipira ya maji, nikavuta waya hadi kwenye kishikio. Hapo kwenye waya niliharakisha, nikaufunga upande usio wake. Shikilia hilo, tutalirudia.

Mzee Yoramu akamwambia dada yake kwamba gari limepona. Sijui alimbembelezaje zaidi ya hapo, lakini siku ya safari bibi yako alitoka nje amevaa viatu. "Mbukwenyi," akasema akiangalia zizi. "Mbukwenyi," nikajibu nikiangalia tairi. Akaingia kwenye kona yake ya nyuma, na Mzee Yoramu akakaa mbele pamoja nami. Tukaondoka. Injini ilipopata moto, hita ikaanza kupuliza, na mzee akavua kofia.

"Ala! Huku mbele ni kama jikoni!" akasema, akinyoosha miguu.

Kisha akaikunja tena miguu yake, nami nikapunguza mwendo, kwa sababu tulilitambua jambo lile wakati mmoja. Joto la hita lilikuwa linaishia kwetu. Kule nyuma, dirisha moja lisilofunga vizuri lilikuwa linaingiza upepo vilevile, na hatukusikia sauti yoyote, jambo ambalo sasa tulijua maana yake. Koki nilikuwa nimeitengeneza, na mwenye kuhitaji joto alikuwa amekaa mahali ambapo halimfikii. Na mbele, kando ya dereva, hapakuwa mahali pa mama mkwe.

"Simamisha," akasema Mzee Yoramu.

Nikasimamisha kando ya barabara. Hapakuwa na mtu, ni upepo tu na majani makavu. Mzee akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwambia dada yake ahamie mbele. Akakataa. Wakabishana kwa Kigogo, yeye kwa sauti ya chini na mzee kwa sauti ya kuita mbuzi. Mimi niliukazia macho usukani, jasho linanitoka. Nilimsikia bibi yako akisema kwamba watu watamcheka. Mzee akamjibu, "Watakucheka vipi ukiwa kaburini?" Kisha nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa.

Bibi yako hakukaa hivi hivi, wewe! Alichukua kitenge chake cha juu, akakitanda kichwani na kukishusha upande wangu kikawa ukuta, akageuza uso dirishani. Sikumwona, hata kidole. Nikaondoa gari. Tulikwenda mwendo mrefu hivyo, mimi na barabara, yeye na dirisha, Mzee Yoramu nyuma akipigwa na upepo bila kulalamika. Hita ikawa inapuliza tu.

Halafu nyuma ya kitenge ikatoka sauti ndogo.

"We gari," ikasema, "leo umenikumbuka."

Mwanangu, nusura niingie mtaroni. Hakuwa amesema nami, alikuwa anaongea na gari. Mila haikukataza mama mkwe kuongea na gari. Sikujua nifanye nini, nikazidi kuikazia macho barabara. Mzee Yoramu akanigonga begani kutoka nyuma.

"Gari, umeambiwa neno. Huna adabu?"

Nikakohoa. Nikasema nikiitazama barabara, "Gari linasema linaomba radhi kwa kuchelewa."

Baada ya muda kidogo kitenge kikasema, "We gari, magoti yanaungua sasa. Punguza." Nami kwa heshima zote nikavuta kishikio upande wa kupunguza. Lakini ule waya niliufunga kinyume, unakumbuka? Joto likazidi. Nikavuta zaidi, likazidi zaidi. "We gari! Nimesema punguza, si unipike!" Na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimwoe binti yake. Bibi yako alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Mzee Yoramu akacheka, na mimi nikacheka huku nikilia. Sikuugeuza ule waya tena. Ndiyo maana hadi leo, ukitaka joto katika gari hili, unavuta kishikio upande wa baridi.

Hakukosa sindano tena. Uvimbe wa miguu ukashuka, naye akaishi miaka mingi, wewe mwenyewe umekalia mapaja yake. Na kila safari aliongea na gari. Aliliambia gari anavyomkumbuka babu yako. Aliliambia kwamba binti yake amenenepa kwa mumewe, na kwamba hilo limemridhisha. Aliliambia anaogopa kufa kipindi cha kilimo, watu wakose muda wa kumlia. Mimi nilijibu kwa niaba ya gari, na nyakati nyingine nililifanya gari liseme mambo yangu, yale ambayo mwanamume hamwambii mtu. Mama yangu mzazi nilimpoteza nikiwa mdogo. Nilimpata mwingine nyuma ya kitenge.

Safari yake ya mwisho tulikuwa tunarudi kutoka mjini. Daktari alikuwa amenivuta pembeni, nami nilijua, na nadhani yeye pia alijua. Alikuwa amechoka, hakusema na gari njia nzima. Tulipokaribia Haneti niliona kwa pembe ya jicho kitenge kinashuka. Alikuwa amekiondoa kichwani na kukiweka magotini. Akasema, si kwa gari, "Asante, mwanangu."

Sikugeuka. Niliendelea kuitazama barabara, ingawa machozi yalikuwa yameifuta yote. Nikasema, "Asante, mama." Tukafika.

Basi, mwanangu, hilo ndilo jibu langu. Mama mkwe wako ni mjane katika nyumba ya watu wengine, katika mji asioujua, na wewe ni msomi unayerudi kutoka ofisini Mtumba jioni ukiwa na simu mkononi. Amenyamaza. Mmechukua ule ukimya wake mkaupa maana mliyoitaka, kama nilivyofanya mimi, na sasa mnataka kuuziba kwa kumrudisha Kolo. Nakusihi, kabla ya mwisho wa mwezi, jua kwanza ni nini kinachomtetemesha. Huenda ni kitu kidogo sana. Huenda sebuleni kwenu hajui akae wapi. Huenda anaona haya kula mbele ya mwanawe. Mtu mzima hatakuambia, na ukimkalisha chini umhoji kama ofisini ataumia zaidi. Mtafutie kitu cha kuongea nacho. Mpe mchele achambue karibu na wewe unapopika, mpe mtoto ambebe, mwachie kuku, sijui, wewe ndiye unayeishi naye. Akianza kuongea na kuku, wewe jibu kwa niaba ya kuku. Wala usijione mjinga.

Na uangalie amekaa wapi. Nilifikiri kutengeneza kunatosha, kumbe joto halimfikii mtu mpaka umsogeze karibu. Ukifanya yote hayo na bado akataka kwao, mpeleke kwa moyo mweupe, umtembelee. Lakini asiende kwa sababu hakuna aliyemjua.

Koki nimeimaliza leo asubuhi. Nimeiloweka kwenye ukwaju, nimeiwekea washa mpya, haidondoshi hata tone, na waya nimeurudisha vilevile kinyume. Jumapili nitakuja na gari. Mwambie mama mkwe wako kuna mzee mmoja anataka kumtembeza mpaka Hombolo akaone bwawa, na kwamba akae mbele. Mwambie gari lenyewe ni zee na linapenda kusemeshwa.

Mungu aliyempa bibi yako miaka ile akupe na wewe masikio ya kusikia watu wa nyumbani mwako. Nyumba yako iwe na joto hata kwa anayekaa kona ya nyuma, na siku utakapokuwa wewe ndiye mkongwe ndani ya nyumba ya mwanao, asikosekane mtu wa kukuambia uhamie mbele. Amina, mwanangu.